Leseni ya Daktari na ya Mshauri wa Vinasaba

Wasikilizaji wetu, seremala akitengeneza meza mbovu, mnunuzi huitikisa kwa mkono wake, akaona miguu yacheza, naye huikataa. Mpishi akizidisha chumvi, mlaji hujua kwa tonge la kwanza. Lakini mgonjwa anayepewa dawa hana mizani ya kumpimia yule anayempa. Akipona, hajui kama ameponywa na dawa au ugonjwa wenyewe ulikuwa ukiondoka. Akifa, hana tena nafasi ya kushtaki. Ndiyo sababu serikali nyingi za dunia zimetia mkono katika kazi ya utabibu, zikaamuru ya kwamba mtu asiifanye mpaka kwanza apate leseni.

Jioni hii twapenda kueleza jinsi jambo hili lilivyofanyika katika nchi ya Marekani, na hasa jinsi lilivyofika kwa kazi moja ambayo wengi wetu hatukuisikia tulipokuwa shuleni, yaani kazi ya mshauri wa vinasaba. Tumeichagua Marekani kwa sababu huko kila jimbo hujitungia sheria yake ya leseni, na kwa hiyo mtu aweza kuitazama sheria ya namna moja ikijaribiwa mahali pengi, hapa ikifaulu, pale ikikwama.

Tuanze na madaktari, maana njia waliyoifungua wao ndiyo washauri waliyoifuata baadaye. Katikati ya karne ya 19, katika sehemu nyingi za Marekani mtu aliweza kutundika kibao mlangoni, akajiita daktari, wala hapana aliyemwuliza amesoma wapi. Vyuo vilikuwa vingi, na vingine vilikuwa vyuo kwa jina tu: mtu alilipa ada, akasikiliza masomo kwa miezi michache, akarudi kwao na hati yenye muhuri mkubwa. Sisi tulio walimu twajua ya kuwa hati na elimu ni ndugu wasiotembea pamoja siku zote.

Katika miaka ya 1881 na 1882 jimbo la West Virginia lilitunga sheria yenye milango mitatu. Mtu aliweza kuwa daktari ikiwa amehitimu katika chuo chenye sifa njema. Au ikiwa amefanya kazi hiyo katika jimbo kwa miaka 10 mfululizo kabla ya sheria. Au ikiwa ameshinda mtihani wa Baraza la Afya la jimbo. Asiyepita mlango mmojawapo hana ruhusa. Basi palikuwa na mtu, jina lake Frank Dent, aliyekuwa akitibu watu tangu mwaka 1876. Miaka yake haikutimia 10. Hati alikuwa nayo, kutoka chuo kimoja cha Cincinnati, lakini Baraza lilisema chuo hicho hakina sifa itakiwayo. Mtihani hakuufanya. Akaendelea na kazi, akashtakiwa, akatozwa faini ya dola 50.

Dent hakukubali. Alidai ya kuwa kazi ya mtu ni mali yake kama shamba lake, na serikali haina haki ya kumnyang'anya bila hukumu ya halali. Shauri lilipanda hata likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo ikatoa hukumu katika mwezi wa Januari mwaka 1889, iliyoandikwa na jaji Stephen Field. Majaji wote walikuwa na neno moja: kila mtu ana haki ya kuchagua kazi aipendayo, lakini jimbo laweza kuweka masharti, mradi masharti hayo yawe yahusu kazi yenyewe na yawe yaweza kutimizwa na mtu anayejifunza kwa bidii. Na sababu waliyoitoa ndiyo ile tuliyoanza nayo. Kila mtu aweza siku moja kumhitaji daktari, lakini ni wachache wawezao kupima elimu yake. Kwa hiyo yawapasa kutegemea leseni iwe shahidi wake. Juu ya hukumu hiyo zimejengwa sheria za leseni za kazi nyingi za Marekani mpaka leo, si za udaktari peke yake.

Msikilizaji mwangalifu atauliza: je, waliokaa katika Baraza lile walikuwa nani? Walikuwa madaktari, na Dent alikuwa wa madhehebu nyingine ya utabibu, iliyotumia sana dawa za mimea, iliyokuwa ikishindana na yao. Walimlinda mgonjwa, au walilinda soko? Kwa maoni yetu walifanya yote mawili, na hapana leseni duniani isiyofanya yote mawili kwa kadiri fulani. Mwaka 1910 bwana Abraham Flexner, ambaye hakuwa daktari bali mwalimu, alitoa taarifa baada ya kuvikagua vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Vyuo vibovu vingi vikafungwa, na hilo lilikuwa jema. Lakini kati ya vyuo 7 vya watu weusi vilivyokuwako, baada ya miaka michache vilibaki 2 tu, Howard katika mji wa Washington na Meharry katika mji wa Nashville, na kwa miaka mingi sana kijana mweusi aliyetaka udaktari alikuta milango ni michache mno. Jamii ile iliyohitaji matabibu kuliko wengine ndiyo iliyopungukiwa. Jambo hilo yafaa tulikumbuke tunaposikia leseni ikisifiwa.

Sasa tumfikie mshauri wa vinasaba. Kila mmoja wetu amerithi kutoka kwa baba na mama maagizo madogo mno yaliyomo ndani ya chembe za mwili, yaamuayo rangi ya macho, namna ya damu, na mengine mengi. Maagizo hayo ndiyo vinasaba. Mara nyingine agizo moja lina kasoro, na kasoro hiyo huweza kupita kutoka kizazi hata kizazi. Mshauri wa vinasaba hatoi dawa wala hapasui. Kazi yake ni kuuliza habari za ukoo, kuandika nani aliugua nini na akiwa na umri gani, kueleza ni kipimo gani chafaa na kipi hakifai, kisha kufasiri jibu la kipimo mpaka wenyewe waelewe, na kuwaacha waamue. Jina la kazi hii lilibuniwa mwaka 1947 na mtaalamu Sheldon Reed wa Minnesota. Chuo cha kwanza cha kuwafundisha watu kwa shahada ya pili kilikuwa Sarah Lawrence, katika jimbo la New York, kilichoanza mafunzo hayo mwaka 1969. Mwaka 1979 washauri wenyewe wakaunda chama chao cha taifa.

Mtu atasema, kazi ya maneno matupu yataka leseni ya nini? Hebu tuchukue ugonjwa wa selimundu, ambao katika nchi zetu hauhitaji kuelezwa kwa wengi, kwani wamewauguza watoto wao. Chembe nyekundu za damu, ambazo yapasa ziwe za mviringo, hujipinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na mtoto akapata maumivu makali na upungufu wa damu. Tuseme baba ana punje mbili za mahindi mkononi, moja nyeupe na moja nyekundu. Na mama vivyo hivyo. Kila mmoja humpa mtoto punje moja, bila kutazama. Mtoto akipata nyekundu mbili, ana ugonjwa. Akipata nyeupe moja na nyekundu moja, haugui selimundu, ila amebeba punje kama wazazi wake. Akipata nyeupe mbili, hana lolote. Basi kwa kila mimba, bahati ya kupata nyekundu mbili ni moja kwa nne.

Hapo ndipo watu hupotea. Mama aliyekwisha kuzaa mtoto mgonjwa akiambiwa "mmoja kwa wanne" peke yake, huweza kuondoka akiamini ya kuwa yule mmoja amekwisha kupita, na watatu wajao watakuwa wazima. Sivyo. Kila mimba punje hurudi mkononi, na hesabu huanza upya. Wengine husikia kinyume chake, wakadhani kila mtoto atakuwa mgonjwa, wakavunja ndoa. Aliyesema hakusema uongo, alisema nusu ya maneno, na nusu ile iliyobaki itaonekana baada ya miaka miwili, mitatu, katika kitanda cha hospitali. Seremala wetu alikamatwa siku ileile. Mshauri mbaya huweza asikamatwe kamwe.

Wamarekani wenyewe waliyaona haya kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 majimbo kadhaa yalitunga kwa haraka sheria za kuwapima watu weusi ugonjwa wa selimundu, wengine kabla ya kuingia shule, wengine kabla ya kuoa. Waliotunga sheria hizo mara nyingi walichanganya aliyebeba punje moja na mgonjwa mwenye punje mbili. Watu wazima wenye afya waliambiwa wana ugonjwa. Wengine walinyimwa kazi na bima. Chuo cha maofisa wa Jeshi la Anga la Marekani kilikuwa kikiwakataa vijana waliobeba punje moja, na hakikuacha desturi hiyo mpaka mwaka 1981. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1972 ilijaribu kurekebisha mambo: ikataka upimaji uwe wa hiari, na ufuatane na ushauri. Vipimo vilikuwa vimefika mbele ya watu wa kuvieleza.

Tangu hapo vipimo vimeongezeka kupita kiasi. Katika miaka ya 1994 na 1995 ziligunduliwa jeni mbili, ziitwazo BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na kasoro humweka mwanamke katika hatari kubwa ya saratani ya matiti na ya ovari. Mtu angefikiri kipimo kitajibu ndiyo au siyo. Lakini kuna jibu la tatu: kwamba imeonekana tofauti katika jeni, wala wataalamu hawajajua bado kama ina madhara. Jibu hili ndilo mtego. Majarida ya utabibu ya Marekani yameandika habari za wanawake waliopewa jibu hilo na daktari asiyezoea mambo haya, akalisoma kana kwamba ni jibu la hatari, na wakakatwa viungo vilivyokuwa vizima. Na mara nyingi tofauti za namna hiyo zikichunguzwa zaidi huonekana hazina madhara yoyote. Daktari yule alikuwa na leseni yake halali. Leseni ya udaktari humshuhudia mtu kwa mengi, lakini haiwezi kumshuhudia kwa kila elimu iliyozaliwa baada ya yeye kutoka chuoni.

Kwa hiyo washauri wakaanza kudai wawe na leseni yao. Yatupasa hapa kutofautisha vitu viwili ambavyo hata wenyeji huvichanganya. Kwanza kuna cheti cha ustadi, kinachotolewa na Baraza la Marekani la Ushauri wa Vinasaba, lililoanzishwa mwaka 1993. Baraza hili si la serikali. Ni la wenye kazi wenyewe. Anayetaka cheti chake sharti awe na shahada ya pili katika elimu hiyo, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili, awe ameshiriki katika mashauri yasiyopungua 50 chini ya macho ya msimamizi, kisha ashinde mtihani. Lakini pasipo sheria, cheti hakimzuii mtu mwingine. Asiyekuwa nacho aliweza kujiita mshauri wa vinasaba, akafungua ofisi, na polisi hawana la kumwuliza. Leseni, yaani kitu cha pili, ndiyo yenye meno, kwa sababu hutolewa na jimbo, na jimbo laweza kuizuia kwa muda, kuifuta, na kumshtaki anayefanya kazi bila kuwa nayo.

Jimbo la California lilipitisha sheria yake mwaka 2000, lakini kupitisha sheria ni kupanda mbegu tu. Yataka kanuni, makarani na fedha. Utah, iliyopitisha yake mwaka 2001, ndiyo iliyotangulia kutoa leseni, mwaka 2002. Leo majimbo zaidi ya 30 hutoa leseni hizo. Nyingi huomba cheti kile cha Baraza la wenye kazi, kisha huongeza mambo yao: kutunza siri, kuendelea kusoma, kulipa ada kila baada ya muda, na adhabu kwa atumiaye jina la mshauri bila haki. Aliyehitimu lakini hajafanya mtihani huweza kupewa leseni ya muda, afanye kazi chini ya mwenye leseni kamili. Na karibu sheria zote humwacha nje daktari, kwa kuwa leseni yake yatosha kisheria kueleza vinasaba, hata kama, kama tulivyoona, ujuzi wake haukutosha.

Yako magomvi. La kwanza ni nani aagize kipimo. Sheria za majimbo mengine zimetaja waziwazi ya kuwa mshauri aweza kuagiza vipimo vya vinasaba. Nyingine zimenyamaza, na panaponyamaza sheria mshauri hulazimika kutafuta sahihi ya daktari, ingawa mara nyingine daktari huweka sahihi kwa shauri lake yeye mwenyewe mshauri. La pili limetokea Virginia. Sheria yao ya mwaka 2014 yamruhusu mshauri kukataa ushauri unaopingana na imani yake ya dini au ya maadili, mradi amwambie mgonjwa, na kumwonyesha orodha ya washauri wengine wenye leseni. Chama cha washauri kiliipinga sehemu hiyo. Sisi twaheshimu dhamiri ya mtu, lakini twaona ya kuwa orodha ni msaada mdogo kwa mama ambaye mimba yake haingoji.

La tatu ni mipaka. Siku hizi ushauri mwingi hutolewa kwa simu au kwa picha za mtandao, kwa kuwa washauri ni wachache kwa nchi ile kubwa, nao hukaa zaidi mijini. Na desturi ya sheria ni kwamba kazi huhesabiwa imefanyika pale alipo mgonjwa, si pale alipo mshauri. Basi mshauri wa mji mmoja anayezungumza na wagonjwa wa majimbo 10 hulazimika kutafuta leseni 10 na kulipa ada 10, pale zote zitakiwapo. Mkulima wa mbali, ambaye simu ingemfaa kuliko wote, ndiye anayezuiwa na sheria iliyowekwa kumlinda. Juu ya hayo, kwa miaka mingi bima ya serikali kuu ya wazee, iitwayo Medicare, haikumtambua mshauri wa vinasaba miongoni mwa watu wanaolipwa moja kwa moja. Miswada ya kulibadili jambo hilo imepelekwa katika Bunge zaidi ya mara moja tangu mwaka 2019.

Na huku kwetu je? Tabibu A. C. Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954, kwa uchunguzi alioufanya katika Afrika ya Mashariki, kwamba aliyebeba punje moja ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana punje hiyo imeenea sana penye mbu wengi, kandokando ya ziwa Viktoria na katika pwani, na ndiyo maana shauri la punje latuhusu sisi kuliko linavyowahusu watu wa Utah. Tanzania ina Baraza la Madaktari la Tanganyika, na sheria ya mwaka 2017 inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wengine wa afya. Kenya ina Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lililopewa jina hilo mwaka 2019. Wauguzi nao wana mabaraza yao katika nchi zote mbili. Katika Afrika ya Kusini washauri wa vinasaba husomeshwa katika vyuo vikuu, nao huandikishwa na Baraza la Wataalamu wa Afya la nchi ile, kama kazi yenye jina lake yenyewe.

Katika zahanati zetu nyingi anayeeleza habari za selimundu ni muuguzi au daktari. Leseni yake yaonyesha ya kuwa ameshinda mtihani wa uuguzi au wa udaktari, nayo ni haki ya kila mgonjwa kuuliza kama ipo. Jina la mtu laweza kutafutwa katika daftari la baraza lake. Lakini leseni hiyo haikusema kwamba amepimwa katika hesabu ya punje. Basi mzazi aliyepewa jibu la kipimo na aulize mambo mawili kabla hajaondoka: mtoto huyu ana punje moja au mbili? Na mimba ijayo bahati yake ni ngapi? Akijibiwa ya kuwa mmoja amekwisha kuugua na kwa hiyo watatu wanaofuata watakuwa salama, na atafute mtu mwingine wa kumweleza.